Maana ya Maneno: Darubini na Hadubini

Maneno haya mawili hufanana masikioni, na kwa sababu hiyo watu wengi huyachanganya. Lakini kazi ya vyombo vyenyewe ni mbalimbali kabisa.

Darubini ni neno lililotoka katika Kiajemi, ambamo "dur" ni mbali na "bin" ni kuona. Ndicho chombo akitumiacho nahodha kutazama merikebu iliyo mbali baharini. Hadubini haivuti kilicho mbali. Hukuza kilicho karibu, ila ni kidogo hata jicho haliwezi kukiona. Basi asemaye, "Daktari alitazama damu kwa darubini," amekosea, yampasa kusema, "kwa hadubini." Umoja na wingi wake ni sawa: hadubini hii, hadubini hizi.

Nguvu ya hadubini huhesabiwa kwa "mara". Kioo cha juu, kilicho karibu na jicho, kikikuza mara 10, na cha chini kikikuza mara 100, kitu huonekana kikubwa mara 1,000.

Faida ya chombo hiki yaonekana katika habari ya malaria. Jina hilo ni la Kiitaliano, maana yake "hewa mbaya", kwani zamani watu wa Ulaya walidhani homa hiyo yaletwa na hewa ya mabwawa. Mwaka 1880 Alphonse Laveran, daktari wa jeshi la Ufaransa, alitazama damu ya askari mgonjwa huko Constantine, katika Algeria, akaona vijidudu vilivyo hai. Mwaka 1897 Ronald Ross, akiwa India, aliviona vijidudu vya malaria ndani ya mbu. Hewa haikuwa na kosa.

Hata leo tone la damu ya mgonjwa hupakwa juu ya kipande cha kioo, likatiwa rangi, kisha likatazamwa kwa hadubini. Kazi hiyo yataka muda. Lakini si kila homa ni malaria. Homa ya matumbo na ya mapafu pia huleta joto mwilini. Amezaye dawa ya malaria kwa kukisia huenda akauacha ugonjwa wake wa kweli uzidi. Kwa hiyo mama anayeambiwa angoje damu ya mtoto wake itazamwe asidhani kwamba anacheleweshwa bure. Hapo ndipo matibabu yanapoanza.