Somo la Ujenzi: Sakafu ya Zege kwa Banda la Mbwa

Mbwa wa ulinzi hukesha nje ili wenye nyumba walale kwa amani, lakini aghalabu banda lake ndilo jengo linalofikiriwa mwisho katika kiwanja. Huungwaungwa kwa masalio ya mbao na mabati, na sakafu yake huachwa kuwa udongo mtupu. Udongo huo hunywa mkojo na kuhifadhi mayai ya minyoo, na nyufa zake huwa mazalio ya kupe na viroboto. Madhara hayaishii kwa mbwa. Mabuu ya minyoo ya safura ya mbwa huweza kupenya ngozi ya mtoto anayecheza peku mahali hapo na kumletea muwasho mkali.

Sakafu ya zege huondoa sehemu kubwa ya tatizo hilo, kwa kuwa huoshwa na kukauka. Somo hili ni kwa mkazi atakayeijenga mwenyewe, na pia kwa yule atakayemwajiri fundi na kutaka kujua asimamie nini. Jambo la kushika ni moja: sakafu nyingi haziharibiki kwa uchache wa saruji, bali kwa maji yasiyotumiwa ipasavyo. Maji huzidishwa wakati wa kuchanganya, hukosa njia ya kutoka, kisha hunyimwa zege wakati linapoyahitaji.

Mfano wetu ni banda la mita 3 kwa mita 2, lenye zege la unene wa sentimita 10.

Kutayarisha msingi

Ondoa udongo wa juu wenye majani na mizizi, kisha shindilia ardhi mpaka iwe ngumu. Panga mawe madogo au moramu kwa unene wa sentimita 10, mwagia maji kidogo na ushindilie tena. Uso wa sakafu uwe juu ya ardhi inayouzunguka, ili maji ya mvua yasiingie bandani.

Funga mbao za pembeni kwa vigingi imara. Hapa ndipo mteremko unapowekwa: sentimita 2 kwa kila mita 1. Kwa urefu wa mita 3, upande wa nyuma anakolala mbwa uwe juu kwa sentimita 6 kuliko upande wa mbele. Hakikisha kwa kamba na pima maji kabla ya kuchanganya chochote. Msingi nao ufuate mteremko huo huo, ili unene wa zege ulingane kila mahali.

Chini ya upande wa mbele chimba mfereji wa kupeleka maji machafu kwenye shimo la kunyonya. Shimo hilo liwe mbali na kisima, angalau mita 30.

Vipimo vya mchanganyiko

Tumia uwiano wa saruji 1, mchanga 2 na kokoto 4. Kwa kila mfuko wa saruji wa kilo 50, pima ndoo 3 na nusu za mchanga na ndoo 7 za kokoto, kwa ndoo ya lita 20. Banda letu litahitaji takribani mifuko 4 ya saruji, ndoo 14 za mchanga na ndoo 28 za kokoto. Mchanga uwe safi, usio na udongo wala chumvi. Kwa hiyo mchanga wa ufukweni haufai.

Changanya vitu vikavu mpaka rangi iwe moja, ndipo uongeze maji kidogo kidogo. Lita 25 kwa mfuko mmoja hutosha, na zipungue ikiwa mchanga una unyevu. Fundi aliyechoka hupenda kuongeza ndoo nyingine ili zege liwe laini na kazi iwe nyepesi. Mzuie kwa heshima, kwani maji ya ziada yakikauka huacha vitundu, na sakafu hutoa vumbi na kupasuka mapema.

Kumwaga na kusawazisha

Anza asubuhi, kabla jua halijawa kali. Lowanisha msingi bila kuacha madimbwi. Mwaga zege kuanzia upande wa mbali, lishindilie, na lichomechome kwa kipande cha nondo kando ya mbao ili hewa itoke. Kisha kwangua uso wake kwa ubao ulionyooka unaokalia mbao za pande zote mbili.

Maji yatapanda juu ya zege. Yaache yapotee yenyewe, wala usiyakaushe kwa kunyunyiza saruji kavu, maana utaunda ngozi nyembamba itakayobanduka. Zege likianza kukaza, lisugue kwa ubao wa kusawazishia. Usipige niru ya kung'aa, kwani mbwa huteleza juu yake inapolowa. Pitisha ufagio laini kwa wepesi kutoka nyuma kwenda mbele, ili mistari yake ifuate mteremko na kusaidia maji kutoka. Mistari ikiwa mirefu kwenda chini, itashika uchafu na kuchubua nyayo za mbwa.

Kukomaza zege

Zege halipati nguvu kwa kukauka, bali kwa saruji kuendelea kufanya kazi na maji. Baada ya kukaza, lifunike kwa magunia yaliyolowa au karatasi ya nailoni, na ulimwagilie asubuhi na jioni kwa siku 7. Hatua hii haigharimu saruji, nayo ndiyo inayorukwa zaidi. Mfunge mbwa mahali pengine penye kivuli kwa siku hizo zote, vinginevyo atatia nyayo zake usiku wa kwanza, na zege bichi litamuunguza miguu. Mjenzi naye avae glovu na mabuti, na aoshe mara moja kwa maji mengi sehemu yoyote ya mwili iliyoguswa na zege.

Sakafu ikiwa tayari, mwekee mbwa kichanja cha mbao cha kulalia upande wa juu, kwani zege tupu ni baridi na humchubua viwiko. Zoa kinyesi kila siku, na osha sakafu ukielekeza maji kwenye mfereji.

Banda safi halichukui nafasi ya chanjo. Mkazi mwenye mbwa na awasiliane na afisa mifugo wa kata kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa na dawa za minyoo na kupe, ili mlinzi wa nyumba asigeuke kuwa hatari kwa nyumba hiyo hiyo.