Pampu ya Mafuta kwa Gari Lenye Turbo: Maswali ya Kumuuliza Muuzaji Kabla ya Kulipa

Magari yaliyotumika yenye injini za turbo, hasa Subaru Impreza na Forester kutoka Japani, yamekuwa sehemu ya kawaida ya barabara zetu. Wamiliki wengi wakishayazoea hutamani kuyaongezea nguvu: hufunga turbo kubwa zaidi, hupanua njia ya moshi na kuipanga upya kompyuta ya injini. Kila hatua kati ya hizo huidai injini mafuta zaidi. Kifaa chenye jukumu la kuyafikisha mafuta hayo ni pampu ndogo ya umeme iliyofichwa ndani ya tangi, na mara nyingi ndiyo inayokumbukwa mwisho.

Katika somo hili tunaeleza namna mlaji anavyoweza kukadiria mahitaji ya gari lake, kuisoma namba iliyoandikwa kwenye boksi la pampu, na kujikinga dhidi ya bidhaa bandia. Si lazima uwe fundi ili kulifuata. Unachohitaji ni kuzidisha, kujumlisha na kuuliza.

Kwa nini pampu dhaifu ni hatari

Injini isiyo na turbo ikikosa mafuta ya kutosha, kwa kawaida hupoteza nguvu au huzima. Kwa injini ya turbo hali ni nyingine. Turbo huendelea kusukuma hewa nyingi ndani ya silinda hata pale mafuta yanapopungua. Joto hupanda ghafla, mchanganyiko wa hewa na mafuta huwaka kabla ya wakati wake, injini huanza kugonga, na pistoni huweza kupasuka au kutoboka. Yote hayo yanaweza kutokea kwa sekunde chache, tena wakati dereva amekanyaga mafuta hadi mwisho, kwa mfano anapolipita lori kwenye barabara kuu. Kwa hiyo anayenunua pampu hanunui mwendo peke yake. Ananunua pia uhai wa injini yake.

Hatua ya kwanza: kadiria lita unazohitaji

Kwa injini ya petroli yenye turbo, kadirio salama ni takriban lita 0.4 za petroli kwa saa kwa kila nguvu farasi moja, injini ikifanya kazi kwa uwezo wake wote. Zidisha nguvu unayoikusudia kwa 0.4, kisha ongeza sehemu moja ya tano kama akiba, kwa sababu pampu huchakaa na chujio huziba kadiri siku zinavyopita.

Tuchukue mfano wa Impreza WRX STI ya miaka ya mwanzo ya 2000 iliyotengenezwa kwa soko la Japani, ambayo ilitangazwa kuwa na nguvu farasi 280. Mahitaji yake ni 280 mara 0.4, yaani lita 112 kwa saa; pamoja na akiba, karibu lita 134. Mwenye gari hilo akitaka kufikia nguvu farasi 400, hesabu inakuwa lita 160, na pamoja na akiba lita 192 kwa saa. Tumia nguvu ya injini yenyewe, si ile inayopimwa kwenye magurudumu, kwani sehemu ya nguvu hupotea njiani kabla ya kuyafikia magurudumu.

Anayekusudia kutumia mafuta yenye ethanoli ya asilimia 85 aongeze takriban theluthi moja juu ya hesabu hiyo, na ahakikishe kwamba pampu imetengenezwa kwa ajili ya mafuta ya aina hiyo.

Hatua ya pili: soma namba ya boksi kwa uangalifu

Hapa ndipo walaji wengi hupotea. Boksi huandikwa, kwa mfano, “lita 255 kwa saa”, na mnunuzi huona kwamba 255 ni kubwa kuliko 192, basi amemaliza. Lakini namba hiyo haina maana kamili mpaka ujue ilipimwa kwa shinikizo lipi na kwa volti ngapi.

Shinikizo, au presha kama wasemavyo mafundi, hupimwa kwa PSI, kipimo kilekile kinachotumika kwa upepo wa tairi. Magari mengi ya aina tunayoizungumzia huanza na shinikizo la mafuta la karibu PSI 43. Turbo ikisukuma hewa kwa PSI 20, hewa hiyo huyakinza mafuta yanayotoka kwenye nozeli. Kwa hiyo kirekebishi cha shinikizo huongeza PSI 20 nyingine. Pampu sasa inafanya kazi kwa PSI 63, na kadiri shinikizo linavyopanda, ndivyo lita zinavyopungua.

Chukua mfano wa pampu mbili, zote zikiwa zimeandikwa lita 255. Ya kwanza ilipimwa kwa PSI 40, na jedwali lake linaonyesha kwamba kwa PSI 63 hutoa lita 210. Ya pili ilipimwa bila shinikizo lolote, na kwa PSI 63 hutoa lita 140. Kwenye rafu zinafanana. Ndani ya gari la nguvu farasi 400, moja inatosha na nyingine inaiweka injini hatarini.

Kwa hiyo usiulize tu, “Ni lita ngapi?” Uliza: “Ni lita ngapi, kwa shinikizo lipi, na kwa volti ngapi?” Mtengenezaji makini huchapisha jedwali au mchoro unaojibu maswali hayo matatu kwa pamoja. Muuzaji asiyeweza kukuonyesha jedwali hilo hajakupa taarifa unayostahili kuipata kabla ya kulipa.

Kubwa kupita kiasi si suluhisho

Wapo wanaokwepa hesabu kwa kununua pampu kubwa kuliko zote. Pampu hiyo huyasukuma mafuta mengi hata gari linapokuwa limesimama kwenye foleni. Bomba la kurudishia mafuta tangini likiwa jembamba, shinikizo hupanda kuliko inavyotakiwa, injini hunywa mafuta kupita kiasi na kuunguruma bila utulivu. Mafuta yanayozungushwa bila kutumika nayo hupata joto. Nunua pampu inayotosha mahitaji yako pamoja na akiba yake, na ukaguzi wa nozeli ufanyike wakati huohuo, kwani pampu nzuri haiwezi kufidia nozeli zilizo ndogo.

Umeme na mipira: gharama zilizosahauliwa

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Aliyeamua kubadilisha pampu aandae bajeti ya vitu vitatu vinavyoizunguka.

Cha kwanza ni nyaya. Pampu yenye nguvu hula umeme mwingi kuliko ile ya awali. Nyaya nyembamba zilizokaa miaka ishirini hupunguza volti kabla hazijaifikia pampu, na volti zikishuka, lita nazo hushuka. Fundi afunge waya mnene kutoka kwenye betri, ukiongozwa na rilei, na fyuzi yake iwekwe karibu na betri. Kisha apime volti kwenye pampu yenyewe injini ikiwa inafanya kazi, si kwenye betri peke yake.

Cha pili ni mpira wa ndani ya tangi. Mpira wa kawaida wa mafuta umetengenezwa kupitisha petroli kwa ndani tu. Ukizamishwa kwenye petroli hulainika, hupasuka na kuvujisha shinikizo humohumo tangini, mahali ambapo hakuna anayeona. Mpira unaofaa kuzama huchapwa alama ya SAE 30R10. Omba kuiona alama hiyo kabla mpira haujakatwa.

Cha tatu ni chujio. Pampu mpya ifungwe na chujio jipya la tangini, na chujio la njiani libadilishwe pia. Baada ya hapo, usizoee kuendesha gari mafuta yakiwa karibu kuisha. Petroli ndiyo inayoipoza pampu, na kwenye kona kali mafuta machache hukimbilia upande mmoja na kuiacha pampu ikivuta hewa.

Kutambua pampu bandia

Pampu za chapa zinazojulikana, kama vile Walbro ya Marekani, zimeigwa kwa wingi katika masoko ya dunia. Bandia hufungwa kwenye boksi linalofanana na halisi, lakini hudumu muda mfupi au hutoa lita chache kuliko ilivyoandikwa. Zingatia dalili hizi:

- Bei iko chini mno kuliko ya wauzaji wengine wa bidhaa hiyohiyo.
- Namba ya bidhaa iliyo kwenye mwili wa pampu hailingani na ya boksi, au imebandikwa kwa karatasi badala ya kuchongwa.
- Maandishi yana makosa ya tahajia au yamefifia.
- Muuzaji anakataa kutoa risiti, au anataka kuandika “kipuri” bila kutaja chapa na namba.

Dalili moja peke yake si uthibitisho. Zikikutana mbili au tatu, ahirisha ununuzi.

Ipime kabla ya kuiamini

Kwa gari lenye bomba la kurudishia mafuta, fundi anaweza kupima lita halisi. Injini ikiwa imezimwa na betri ikiwa kwenye chaja, pampu huwashwa peke yake, shinikizo hupandishwa hadi kiwango cha kazi, mfano PSI 63, na mafuta yanayorudi hukingwa kwenye chombo cha chuma kwa sekunde 30. Zidisha kiasi kilichopatikana kwa 120. Anayehitaji lita 192 kwa saa anapaswa kukinga angalau lita 1.6.

Kazi hii si ya kufanyia nyumbani. Ifanywe na fundi mwenye uzoefu, mahali pa wazi, mbali na moto, sigara na cheche, kizima moto kikiwa karibu. Baada ya hapo, gari lipangwe upya kompyuta yake likiwa na geji ya shinikizo la mafuta. Shinikizo likishuka pale turbo inapozidisha hewa, kazi isimamishwe mara moja.

Haki zako kama mlaji

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kutoa maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu bidhaa, na Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inahusu bidhaa bandia. Lakini haki huhitaji ushahidi. Dai risiti ya EFD, na pamoja nayo ankara inayotaja chapa, namba ya bidhaa, lita, shinikizo na volti kama alivyokueleza muuzaji. Hifadhi boksi, na usiitupe pampu iliyoharibika. Ukiona umedanganywa, rudi kwanza kwa muuzaji kwa maandishi. Asipokusikiliza, peleka malalamiko yako Tume ya Ushindani ukiwa na vielelezo hivyo.

Mwisho, mjulishe mtoa bima wako kuhusu mabadiliko uliyoyafanya. Gari lililoongezwa nguvu bila taarifa linaweza kukuletea mgogoro siku utakapodai fidia.

Kabla ya kwenda dukani, andika kwenye karatasi mambo manne: nguvu unayoikusudia, lita unazohitaji, shinikizo la kazi, na volti zilizopimwa kwenye nyaya zako. Mpe muuzaji karatasi hiyo, na umwombe akuonyeshe kwenye jedwali la mtengenezaji mahali namba zako zinapokutana na pampu anayokuuzia.