Mfarishi wa Kitanda: Hesabu Huja Kabla ya Mkasi

Watu wa mbali hudhani kwamba Ukambani hakuna baridi, kwa kuwa ni nchi ya jua kali na mvua haba. Lakini wenyeji wa vilima vya Mbooni na Kilungu, huko Makueni, wajua jinsi usiku wa Julai ulivyo, na wenzao wa Kitui nao hawausahau. Katika miezi hiyo mfarishi wa viraka huwa ni kitu cha thamani nyumbani. Juu yake ni vipande vya nguo vilivyoungwa, katikati ni kijazo, kama blanketi kuukuu, na chini ni bitana.

Ushonaji si kazi ngeni kwa akina mama wa sehemu hizo. Chama cha Maendeleo ya Wanawake, kilichoanzishwa Kenya mwaka 1952, kiliwafundisha wanawake wengi kushona na kufuma. Hata hivyo mifarishi mingi huharibika kabla uzi haujatiwa katika sindano, kwa sababu mshonaji ameanza kukata bila kupiga hesabu. Mfarishi uliopungua ukiwekwa juu ya watoto wawili, kila mmoja huuvuta upande wake, na yule alalaye ukingoni hukesha mgongo wazi. Kazi ya majuma mengi imekwisha, na kitambaa kilichokatwa hakirudi.

Msusi wa vyondo aijua kanuni hii. Yeye huanzia kitako, na upana wa kitako ndio uamuao ukubwa wa kiondo. Kwa mfarishi, kitako ni vipimo vya kitanda.

KUPIMA KITANDA

Sokoni vitanda huuzwa kwa majina ya futi: tatu kwa sita, nne kwa sita, tano kwa sita. Majina hayo ni msaada, lakini hayatoshi. Baadhi ya magodoro yana urefu wa inchi 75 badala ya 72. Kwa hiyo mshonaji hulipima godoro lenyewe kwa tepu: upana, urefu na unene.

Tuseme mama mmoja wa Wote ana godoro la futi 4 kwa 6, yaani inchi 48 kwa 72, lenye unene wa inchi 6. Ataka mfarishi ufunike unene huo na kushuka inchi 6 zaidi. Basi kila upande huongezewa inchi 12. Upana ni 48 na 12 na 12, jumla inchi 72. Kwa urefu huongeza inchi 12 za miguuni peke yake, kwa kuwa kichwani hapahitaji kushuka. Urefu ni inchi 84.

KUHESABU MIRABA

Mama huyo amechagua miraba ya inchi 12. Inchi 72 zikigawanywa kwa 12 ni miraba 6. Inchi 84 zikigawanywa kwa 12 ni miraba 7. Sita mara saba ni 42. Hiyo ndiyo idadi ya miraba atakayoshona.

Kwa hesabu hiyo hiyo, kitanda cha futi 3 kwa 6 chahitaji miraba 35. Cha futi 5 kwa 6 chahitaji 49. Na cha futi 6 kwa 6 chahitaji 56.

Mara nyingine hesabu haigawanyiki sawasawa. Kitanda cha futi tatu na nusu hutaka mfarishi wa upana wa inchi 66, yaani miraba mitano na nusu. Mshonaji hana haja ya kukata mraba nusu. Hushona miraba 5 kwa 7, kisha huunga ukanda wa inchi 3 upande wa kushoto na mwingine kama huo upande wa kulia. Na godoro likiwa la inchi 75, ukanda wa inchi 3 miguuni hukamilisha urefu.

MSHONO HULA KITAMBAA

Hapa ndipo wengi hupotea. Mraba wa inchi 12 haukatwi kwa inchi 12. Kila ukingo huliwa na mshono kwa nusu inchi, hivyo mraba hukatwa kwa inchi 13 kila upande. Anayesahau jambo hili hupata miraba ya inchi 11. Upana wa miraba 6 huwa inchi 66 badala ya 72, na urefu wa miraba 7 huwa 77 badala ya 84. Majuto ni mjukuu.

Kitambaa cha pamba chafaa kufuliwa na kukaushwa kabla ya kukatwa, maana kingine hurudi kikiguswa na maji.

Kitambaa cha upana wa inchi 45 hutoa miraba mitatu ya inchi 13 kwa kila mstari. Miraba 42 ni mistari 14, nayo hutumia urefu wa inchi 182. Mita moja ni kama inchi 39, basi mita 5 zatosha na akiba kidogo. Bitana ya kitambaa cha upana huo huo huwa vipande viwili vya inchi 85 vilivyoungwa kwa urefu. Mita nne na nusu zatosha. Asiye na fedha za kununua vyote aweza kuomba mabaki kwa fundi cherehani, na kutumia shuka kuukuu kuwa bitana. Ila akumbuke kwamba vipande vikiwa vidogo mishono huzidi, na kitambaa kinacholiwa huzidi pia.

KAZI YA PAMOJA

Wakamba wana desturi ya mwethya, yaani watu kukusanyika na kufanya kazi kwa pamoja. Wanawake sita, kila mmoja akishona miraba saba, hupata miraba 42 ya kitanda kimoja. Kisha huanza kitanda cha jirani. Lakini yapasa wote wakate kwa kigezo kimoja cha kadibodi cha inchi 13. Mtu asikate kwa kufuata kitambaa kilichokatwa jana, maana kosa dogo hukua kila linapofuatwa, na siku ya kuunga miraba haikutani.

Tepu, kalamu na karatasi kwa nusu saa: hayo ndiyo yote yanayotakiwa kabla ya kuushika mkasi. Mama aliyezitumia hizo nusu saa vizuri hulala akijua kwamba mtoto wa ukingoni naye amefunikwa.