Presha Ijulikane Kabla ya Kiharusi

Mtu mwenye presha anaweza kulima mahindi Trans Nzoia misimu kadhaa, akavuna na kuuza, bila kujua kwamba anaumwa. Siku kiharusi kinapomwangusha, jamaa zake hukodi gari hadi Kitale, na kuchangishana fedha za kitanda, dawa na picha ya kichwa. Hospitali inayolipwa kwa kila huduma hupata fedha nyingi siku hiyo kuliko ambazo ingepata kwa kumpima mapema.

Kuwafuata wasiokuja

Mtazamo mpya wa huduma za afya unaanza na watu wote wa eneo, wazima kwa wagonjwa. Ni nani ana presha? Nani ni mjamzito? Mtoto yupi hajachanjwa?

Magharibi mwa Kenya mtazamo huu si mgeni. Mpango wa AMPATH, ulioanzishwa Eldoret mwaka 2001 kupambana na Ukimwi, ulituma wapimaji nyumba kwa nyumba, kisha ukapanua kazi hadi presha na kisukari. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021, watu 2,890 wa eneo hili wenye presha au kisukari walifuatiliwa. Baadhi walitibiwa kama kawaida. Wengine walikutana na wahudumu wakiwa kikundi, au waliweka akiba na kukopeshana kwenye chama. Presha ilishuka kwa wote, lakini zaidi kwa waliounganisha matibabu ya kikundi na chama.

Bungoma nayo ilikuwa miongoni mwa kaunti nane zilizoanza kutoa chanjo ya malaria mwaka 2019. Mtoto aliyechanjwa ana uwezekano mdogo wa kulazwa kwa malaria kali.

Sheria na fedha

Oktoba 2023 Kenya ilipata Sheria ya Afya ya Msingi na Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii. Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilichukua nafasi ya bima ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake kwa ajili ya SHA. Huduma za zahanati na vituo vya afya, yaani ngazi ya 2 na 3, hugharimiwa na mfuko wa afya ya msingi unaotokana na kodi.

Wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 walipewa mikoba yenye mashine za presha na sukari mwaka 2023.

Kipande kimoja bado hakijakaa sawa. Hospitali kubwa zingali zinalipwa zaidi kwa siku za kulazwa na kwa upasuaji. Malipo yakianza kufuata matokeo, kwa mfano idadi ya wagonjwa ambao presha yao imedhibitiwa, hospitali itafaidika watu wakibaki wazima.

La kufanya sasa

Jisajili SHA kwa kubonyeza *147#. Mhamasishaji akibisha hodi, mkubalie akupime, kisha uandike vipimo vyako. Baraza la chifu likiitishwa, uliza zahanati yenu imepima watu wangapi, na wangapi kati ya waliokutwa na presha bado wanaendelea na dawa.