Mwezi Mpevu, Mwana-Kondoo na Usiku wa Kutoka

Maandiko ya kusoma: Kutoka 12:1-14, 2 Wafalme 23:4-5 na 21-23, Wakolosai 2:16-17



Mwaka huu wa 2026 Pasaka ni Jumapili tarehe 5 Aprili. Mwaka jana ilikuwa 20 Aprili, na mwaka juzi 31 Machi. Krismasi haihami, inakaa pale pale tarehe 25 Desemba. Pasaka ndiyo inatembea, na kila mwaka kuna mtu huuliza ni nani huipanga. Jibu liko angani. Tangu Mtaguso wa Nikea mwaka wa 325, makanisa yalikubaliana kusherehekea Jumapili moja, na hesabu tunayoifuata ni hii: Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu unaoangukia tarehe 21 Machi au baadaye. Ndiyo maana Pasaka haiwezi kuwa kabla ya 22 Machi wala kupita 25 Aprili. Mwaka huu mwezi unajaa alfajiri ya Alhamisi tarehe 2 Aprili, basi Jumapili inayofuata ni Pasaka. Mwaka jana mwezi ulijaa Jumapili yenyewe tarehe 13, kwa hivyo ikabidi tungoje hadi ile nyingine. Ndugu zetu Waorthodoksi, ambao wako na makanisa huku kwetu na Nyeri, watasherehekea tarehe 12 Aprili, kwa sababu hesabu yao inatumia kalenda ya zamani.

Sasa, hapo ndipo maneno huanza. Kuna ujumbe unazunguka kwenye vikundi vya WhatsApp kila Machi ukisema ati Pasaka ni ibada ya kipagani, ibada ya mwezi na ya majira ya kuchipua, na ati Mkristo wa kweli hapaswi kuigusa. Upande wa pili, kuna vijana wetu, wengine wanaimba kwenye kwaya, ambao usiku wa mwezi mpevu wanaweka chupa ya maji dirishani ili "yapokee nguvu", wanaandika kwenye karatasi mambo wanayotaka kuachana nayo, halafu wanaichoma. Wengine wako na mawe ya kung'aa yaliyonunuliwa mtandaoni. Haya hayakutoka kwa nyanya yako huko Kangema. Yametoka kwenye simu, kwa walimu wa mbali ambao ada yao hulipwa kwa M-Pesa kama kawaida. Mwezi mpevu wa Aprili Wamarekani huuita mwezi wa waridi kwa sababu ya maua fulani ya mwituni yanayochanua kwao wakati huo. Mwezi wenyewe hata hauwi wa rangi hiyo.

Hebu tuanze na Biblia, kwa sababu makundi yote mawili yamekosa jambo moja.

Mungu ndiye aliyeiweka Pasaka kwenye mwezi mpevu. Wanafunzi wa Biblia wengi hawalioni hili kwa sababu tunasoma "siku ya kumi na nne" kama tarehe ya kalenda ya ukutani. Lakini mwezi wa Waebrania ulianza wakati mwezi mchanga unapoonekana. Neno lao moja la mwezi wa kalenda lina asili katika neno "mpya". Sisi Wagikuyu tunalielewa bila kufundishwa: mweri ni ule wa angani na mweri ni ule wa mshahara. Sasa hesabu usiku kumi na nne kutoka mwandamo. Unafika wapi? Kwenye mwezi mpevu. Mwana-kondoo alichaguliwa siku ya kumi, akakaa na familia siku nne mwezi ukiendelea kujaa, akachinjwa jioni ya kumi na nne, na usiku huo watu mamia ya maelfu wakatoka Misri wakiwa na watoto, mifugo na unga usiochachuka. Fikiria msafara huo gizani. Zaburi ya 104 inasema Bwana aliuumba mwezi kwa ajili ya majira. Usiku ule aliutumia kama taa ya barabarani.

Na ni mwezi mpevu wa majira fulani. Kumbukumbu la Torati 16:1 inautaja mwezi wa Abibu, yaani mwezi wa masuke mabichi, shayiri inapoanza kukomaa. Hapa hesabu ni nzuri, wacha niieleze kidogo. Miezi 12 ya mwandamo ni siku 354. Mwaka wa jua ni siku 365. Kuna upungufu wa siku kama 11. Waislamu hawaujazi upungufu huo, na ndiyo maana Ramadhani hurudi nyuma kila mwaka, leo iko wakati wa jua kali na baada ya miaka iko wakati wa baridi ya Julai. Wayahudi huongeza mwezi mzima wa kumi na tatu, mara 7 katika kila miaka 19, ili Pasaka isiachane na shayiri. Yeyote aliyewahi kulinganisha vitabu vya hesabu na taarifa ya benki anajua kazi hiyo. Walilinganisha jua, mwezi na shamba kwa sababu sikukuu ilikuwa ya shukrani kwa kazi ambayo Mungu amefanya, na walitakiwa kuleta mganda wa kwanza wa mavuno mbele zake (Walawi 23).

Lakini sisi hapa Murang'a hatuna majira ya kuchipua. Hatuna theluji inayoyeyuka wala miti iliyokauka miezi mitatu ikingoja kupata majani. Machi na Aprili kwetu ni mvua ya njahi. Wakati Israeli wanapeleka mundu shambani, sisi tunapeleka mahindi na maharagwe udongoni. Zamani niliona kama sherehe hii haituhusu kwa upande wa majira, mpaka niliposoma Yohana 12 polepole. Ni wiki ile ile ya Pasaka, Wayunani wamekuja kwa sikukuu wanataka kumwona Yesu, na Yeye anawajibu kwa habari ya mbegu ya ngano inayoanguka ardhini na kufa ili izae. Watu wa mataifa walikuja, na Bwana akawapa mfano wa kupanda. Mama, wiki hii ukiwa Kiharu au Kandara umeinama na jembe, unafukia mbegu ambayo hutaiona tena kwa siku kadhaa, wewe uko ndani ya somo la Pasaka kuliko mtu aliyekaa ofisini na kalenda.

Sasa turudi kwa swali la nguvu. Je, mwezi mpevu una nguvu ya kiroho? Mfalme Yosia anatujibu katika sura moja. 2 Wafalme 23:5, anawaondoa makuhani waliokuwa wakifukizia uvumba jua na mwezi na nyota. Mistari kumi na sita baadaye, mfalme yule yule anaamuru taifa lote lifanye Pasaka, na maandiko yanasema haikuwahi kufanywa Pasaka kama ile tangu siku za waamuzi. Pasaka hiyo ilifanywa usiku gani? Usiku wa mwezi mpevu! Yosia hakuogopa kwamba wapagani wameuchafua mwezi. Alivunja madhabahu ya mwezi, kisha akakaa chini ya mwezi huo huo akamla mwana-kondoo wa Bwana. Huo ndio mpaka. Ayubu naye anaapa katika sura ya 31 kwamba hakuuangalia mwezi ukienda kwa fahari hata moyo wake ukashawishika, na mkono wake ukabusu. Unaona, kuutazama si dhambi. Ni ule mkono unaokwenda mdomoni.

Kwa hiyo huyo wa WhatsApp, ndugu, neno la Kiingereza la sikukuu hii lina historia yake, wacha wenye lugha yao wabishane. Sisi tunasema Pasaka, na neno letu lina asili katika Kiebrania cha Kutoka 12. Hata kupishana kwa tarehe si jambo jipya. Yapata mwaka wa 155 mzee Polikarpo wa Smirna alisafiri hadi Roma. Yeye alishika tarehe 14 yoyote siku ingeanguka, askofu Aniketo wa Roma alishika Jumapili. Hawakukubaliana, na walishiriki Meza ya Bwana pamoja, wakaachana kwa amani. Paulo ameshasema tusihukumiwe kwa habari ya sikukuu au mwandamo wa mwezi, hayo ni kivuli, mwili ni wa Kristo.

Kwa wenye chupa dirishani nina neno refu kidogo.

Wazee wetu walijua jambo kuhusu mwana-kondoo. Jomo Kenyatta aliandika katika Facing Mount Kenya mwaka wa 1938 jinsi wazee walivyoomba mvua chini ya mugumo, na mnyama aliyetolewa alikuwa mwana-kondoo wa rangi moja. Siwacheki. Paulo kule Athene alisema mataifa walikuwa wakimtafuta Mungu kwa kupapasa. Lakini hata katika kupapasa kwao walijua kwamba huwezi kumkaribia Mungu mkono mtupu ukiwa na karatasi ya orodha yako tu, kwamba lazima kitu kife. Ibada hii mpya ya simu haina damu, haina toba, haina jirani. Ni mtu peke yake na dirisha lake na matakwa yake. Inaahidi kuachilia yaliyopita kwa njiti ya kiberiti. Kama kuachilia kungekuwa rahisi hivyo, Farao angechomewa karatasi.

Ukiingia kanisa kuu la Anglikana mjini Murang'a, lililojengwa kwa ukumbusho wa Wakristo Wagikuyu waliouawa wakati wa Hali ya Hatari, utaona michoro ya ukutani ya Elimo Njau, msanii kutoka Tanzania. Kristo amechorwa Mwafrika, na nchi iliyo nyuma yake ni kama matuta yetu. Wengi wa waliokumbukwa pale walikataa kiapo. Katika kiapo kulikuwa na nyama na damu ya mbuzi, na jibu la waumini lilikuwa kwamba wamekwisha kunywa kikombe cha damu ya Yesu, hawawezi kuchanganya. Siandiki haya kuhukumu waliopigania ardhi, maana katika familia nyingi za hapa babu mmoja alikuwa upande huu na mwingine ule. Naandika ili ujue kwamba kwenye matuta haya haya, kuchagua damu moja kuliwahi kugharimu uhai. Wewe unaulizwa tu uondoe chupa.

Na kuna jambo ambalo lazima tujisemee wenyewe, sisi Wapentekoste. Wakati huu wa mwaka utasikia kwenye redio na televisheni habari ya "sadaka ya Pasaka", ati ukituma kiasi fulani kabla usiku wa mwezi mpevu kupita, baraka saba za Kutoka 23 zinafunguka. Nilisomea biashara, na jambo la kwanza tulilofundishwa ni kuuliza pesa inaishia wapi. Fungua Kutoka 12 uangalie. Mwana-kondoo hakupelekwa kwa kuhani. Alichinjwa nyumbani, akaliwa na nyumba nzima. Kama familia ilikuwa ndogo, iliungana na jirani, kila mtu kwa kadiri ya ulaji wake. Na kilichobaki hakikuruhusiwa kufika asubuhi, kilichomwa. Hakuna faida iliyowekwa kando, hakuna hata mguu mmoja wa kuuza sokoni kesho yake. Ni kweli Kutoka 23 inasema watu wasitokee mbele za Bwana mikono mitupu, na Kumbukumbu la Torati 16 inaongeza kwamba kila mtu atoe kama awezavyo. Toeni, wapendwa, kanisa linahitaji. Lakini anayekuuzia usiku ule kwa bei na saa ya mwisho anafanya kazi ile ile ya mwenye mawe ya kung'aa.

Je, na yule atakayekosa? Kuna wauguzi watakuwa zamu, askari wa lindo, makondakta. Hesabu 9 inaeleza watu waliokuja kwa Musa wakilia kwamba walikuwa najisi kwa maiti wakakosa Pasaka. Bwana akawapa nafasi nyingine, tarehe 14 ya mwezi wa pili. Naam, najua usiku huo pia mwezi ni mpevu. Lakini kama nguvu ingekuwa katika usiku wa mwezi wa Abibu, hakungekuwa na marudio.

Jambo moja zaidi, ambalo hunishika kila mwaka. Usiku aliokamatwa Bwana ulikuwa wa mwezi mpevu, na bado Yohana 18 inasema walikuja na taa na mienge. Mbingu yote imewashwa, na wanamtafuta Nuru ya ulimwengu kwa mienge. Kesho yake saa sita ikawa giza hadi saa tisa. Wengine husema jua lilipatwa. Haiwezekani: jua hupatwa mwezi ukiwa mchanga, ukisimama kati yetu na jua, na hata hapo giza kamili halifiki dakika nane. Siku ya Pasaka mwezi uko upande wa pili wa dunia. Giza lile la saa tatu halikuletwa na mwezi, lilitoka kwa Mungu, Mwana-kondoo alipokuwa akifa.

Basi wiki hii, mwenye karatasi na mawe aviondoe nyumbani, na aje tuombe pamoja, hatutamwaibisha mtu. Maji ya chupa mwagilia sukuma, hayana kosa lolote.

Ushirika wa nyumbani: Jumatano tarehe 1 Aprili jioni, usiku ambao Wayahudi pia wanaanza Pasaka yao, kila kikundi kisome Kutoka 12 kwa sauti. Familia ndogo ziungane na jirani. Chapati zisizochachuka zitatosha, na managu yaweza kuwa mboga ya uchungu. Mstari wa 26 unasema watoto watauliza maana ya utumishi huu, kwa hivyo mtoto mdogo kuliko wote ndiye aulize, na baba au mama amjibu kwa maneno yake mwenyewe, bila kusoma. Stima zikipotea msikatize. Tokeni nje, na kama mawingu ya njahi hayajaziba, mtaonana nyuso.