Padi ya Waya au Isiyo na Waya?



Chama chetu cha kompyuta kina fedha kidogo tulizochangiwa na wazee waliosoma hapa zamani, nazo ni za kununulia padi za michezo. Wanachama wamegawanyika. Wengine wataka padi za waya. Wengine wasema waya ni mambo ya kale. Kwa kuwa fedha zikishatoka hazirudi, nimeona yafaa nieleze jambo hili kwa utaratibu kabla hatujapiga kura.

Padi ni kile chombo kinachoshikwa kwa mikono miwili, chenye vitufe na vijiti viwili vya kusukumwa kwa vidole gumba. Kazi yake ni kuiambia kompyuta vidole vyako vimefanya nini. Tofauti iko katika njia ya kupeleka habari hiyo.

Kwanza, padi ya waya. Huchomekwa katika tundu la USB, na kompyuta huiuliza tena na tena kama ina habari. Padi nyingi huulizwa mara 125 au 250 kila sekunde, yaani kila baada ya milisekunde 8 au 4. Waya huo huo huleta umeme wa volti 5, kwa hiyo padi haihitaji betri. Ubaya wake ni kwamba mtu akijikwaa huvuta kila kitu, tena ukikunjwa-kunjwa hukatika ndani kwa ndani.

Pili, padi isiyo na waya. Hii hutumia mawimbi ya redio, ambayo Heinrich Hertz wa Ujerumani aliyathibitisha mwaka 1888. Mawimbi hayo huenda kilometa 300,000 kwa sekunde. Basi, ikiwa padi inakawia, kosa si la hewani. Kukawia hutokana na kufungasha habari, kungoja zamu, na kuirudia ikipotea.

Padi nyingi za namna hii hutumia Bluetooth, katika masafa ya gigahezi 2.4. Masafa hayo hutumiwa pia na Wi-Fi na hata majiko ya maikrowevu. Bluetooth ya kawaida imeyagawa katika njia 79, nayo huruka kutoka njia moja hadi nyingine mara 1,600 kwa sekunde ili kukwepa msongamano. Mtu akicheza peke yake, huenda asione tofauti yo yote, kwa maana skrini ya kawaida hubadili picha mara 60 tu kwa sekunde. Lakini chumba chenye padi kumi na simu thelathini ni kama soko siku ya gulio: kila mmoja anasema, na wa kusikilizana ni wachache.

Tatu, nawaonya juu ya mtego mmoja. Kuwa na waya si kuwa padi ya waya. Padi isiyo na waya ya Xbox 360, iliyotoka mwaka 2005, ina waya wa kuijazia betri, lakini waya huo hupeleka umeme tu, haupeleki habari. Ili itumike na kompyuta yahitaji kipokezi chake maalum. Padi za Xbox One za mwaka 2013 zaweza kufanya kazi kwa waya wa USB, lakini hazina Bluetooth. Zenye Bluetooth zilianza mwaka 2016. Utazitambua hivi: plastiki inayozunguka kile kitufe cha katikati chenye alama ya X ni kipande kimoja na uso wa padi. Anunuaye kitu kilichokwisha kutumika na aichomeke katika kompyuta na kubonyeza kila kitufe kabla ya kulipa.

Rai yangu ni hii. Chama kinunue padi za waya. Sisi tu wengi katika chumba kimoja, tunakaa karibu na skrini, na hatuna mfuko wa kununua betri kila mwezi. Bali mzee wetu anayecheza sebuleni kwake, akikaa mbali na skrini, na achukue isiyo na waya. Naye asisahau kutazama kwanza kama kompyuta yake ina Bluetooth.

Mwenye hoja nyingine na aje nayo mkutanoni. Kura ni yetu sote.