Somo la Teknolojia: Kunasa Sauti ya Mzee kwa Kompyuta Bila Kelele

Tarehe 29 Aprili 1994 feri ilipinduka katika kivuko cha Mtongwe na watu 272 wakapoteza maisha. Aliyekuwa na miaka 35 siku hiyo alifikisha 65 mwaka wa 2024. Familia nyingi zingependa kuhifadhi kumbukumbu za wazee wao, za msiba huo au za ngano na methali za Kidigo. Kompyuta na maikrofoni ya kawaida vinatosha. Hata hivyo, sauti ikifunikwa na kelele ni vigumu kuiokoa, na huenda mzee asipate nguvu ya kusimulia mara ya pili.

Kelele ni za aina tatu

Ya kwanza ni ya mazingira: feni, friji, bodaboda, mvua juu ya mabati. Ya pili ni mvumo mzito wa "mmm" unaotokana na stima, ambayo nchini Kenya ina masafa ya hezi 50, na mara nyingi hupitia kwenye chaja na nyaya. Ya tatu ni "ssss" nyembamba inayotoka ndani ya vifaa vyenyewe. Hii husikika zaidi msemaji anapokuwa mbali na kiwango cha kunasa kikapandishwa mno.

Kabla ya kuanza

1. Kichaguliwe chumba chenye godoro, mapazia na nguo. Ukuta mtupu na sakafu ya saruji hurudisha mwangwi. Leso mbili tatu zikitundikwa nyuma ya msemaji husaidia.

2. Wakati mzuri ni asubuhi mapema baada ya swala ya Alfajiri, kabla magari hayajawa mengi.

3. Feni na friji zizimwe. Anayerekodi akiweka funguo za nyumba ndani ya friji, hatasahau kuiwasha tena. Kwa sababu ya joto, mazungumzo yagawanywe vipande vya dakika kumi, kisha madirisha yafunguliwe na mzee apewe maji.

4. Chaja ichomolewe na kompyuta itumie betri. Mvumo ukitoweka, chanzo chake kimejulikana.

5. Maikrofoni iwekwe umbali wa shubiri moja kutoka kinywani, pembeni kidogo ili pumzi isiigonge. Umbali ukipunguzwa kwa nusu, sauti ya msemaji hupanda kwa takriban desibeli 6, ilhali kelele za chumba hubaki karibu vilevile. Hatua hii hushinda programu yoyote.

6. Kiwango cha kunasa kishushwe hadi sauti ya juu kabisa ifike karibu desibeli -12. Nyongeza ya maikrofoni katika mipangilio ya kompyuta iwe sifuri. Maikrofoni iliyo ndani ya kompyuta hukaa karibu na feni yake, hivyo ile ya USB ni bora.

7. Mzee aombwe ridhaa, na aelezwe nani atasikiliza. Kisha zirekodiwe sekunde 30 za majaribio na kusikilizwa kwa vipokea sauti vya masikioni.

Wakati wa kurekodi

Mwanzoni watu wote wanyamaze kwa sekunde kumi. Kimya hicho kitahitajika baadaye. Bodaboda ikipita katikati ya maneno, anayerekodi asubiri ipite, kisha aombe kwa adabu: "Nyanya, samahani, tuanzie hapo tena."

Baada ya kurekodi

Programu ya Audacity hupatikana bila malipo. Kwanza huchaguliwa zile sekunde kumi za kimya ili programu iitambue kelele ya chumba. Kisha rekodi yote huchaguliwa na kelele kupunguzwa. Ni vyema kuanza na desibeli 6 na kutozidi 12, kwa kuwa ikizidishwa, sauti huwa kana kwamba inatoka ndani ya mtungi. Njia hii hupunguza kelele isiyobadilika, kama ile ya feni. Mlio wa pikipiki au wa jogoo hautaondoka.

Faili asilia ya WAV isiguswe. Usafishaji ufanywe kwenye nakala, na faili ipewe jina la msemaji, mahali na tarehe. Nakala mbili zihifadhiwe sehemu tofauti, kwani kompyuta ikiharibika, sauti ya mzee isipotee nayo.